Upepo wa Tairi la Nyuma

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya mchanga, mbele ya kibanda cha Shomari fundi baiskeli, Kinondoni, njia ya kwendea Mwananyamala. Usiudharau ubao ule. Hapo kesi za talaka zilikatwa kabla kadhi hajapata habari, na Gavana aliachishwa kazi mara tatu kwa wiki bila mwenyewe kujua. Tena walikuwa na desturi yao iliyojulikana hadi Magomeni: mtu akija kutia upepo, haachiwi fundi peke yake. Kila aliyekaa huinuka, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, akatoa shauri lake, ongeza au punguza, na fundi hufuata wengi. Wenyewe waliita kupiga kura. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, kura nyingine walikuwa hawajaionja, basi hiyo moja waliyokuwa nayo waliipenda kupita kiasi.

Kura ya mwisho waliipiga Jumapili moja asubuhi, juu ya skuta ya mwalimu Gozbert. Gozbert alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, anafundisha shule ya misheni. Alikuja akasema anampeleka mkewe Avelina huko Kinyerezi kwa shangazi yake akapumzike, maana mimba imetimiza miezi sita, na nyuma atafunga sanduku la bati. Wakabonyeza. Wote wakasema punguza, kwa sababu kutoka Kinondoni hadi kuikamata lami ilikuwa mchanga mtupu, na gurudumu gumu huzama mchangani. Shomari akapunguza. Kweli mchanga waliupita salama. Lakini kwenye mteremko wa Vingunguti, juu ya lami, lile tairi laini lilianza kuyumba na uzito, mpira wa ndani ukajivuta ukakatika pale mdomoni unapotiliwa upepo, skuta ikalala chini na watu wake. Mwalimu alivunjika mguu. Avelina hakuvunjika popote, ila mimba ilitoka siku ile ile. Ilikuwa ya kwanza, baada ya kungoja miaka saba.

Leo ilikuwa siku ya kumi na moja, Alhamisi, alasiri imeshaswaliwa, na hakuna hata mmoja wa kijiwe aliyekwenda kutoa pole.

– Leo lazima twende, alisema Mzee Bama. Kesho wanapanda gari moshi. Tukiwakosa leo, ndiyo basi tena.

Jina lake hasa Mfaume, lakini vita vya Wajerumani na Wajapani vilimkuta kijana, akapelekwa Bama, yaani Burma, kuendesha lori la jeshi, na tangu arudi hajamaliza siku moja bila kurejea huko kwa mdomo.

– Twende, sawa, alisema Bwana Muhuri. Tukifika tuseme nini?

Huyu aliitwa Apolinari, karani wa ofisi moja ya serikali mjini, na jina la Muhuri alilipata kwa tabia yake ya kumaliza kila neno kwa kupiga ngumi kwenye goti, hapo ujue imepita.

– Tunasema pole, alisema Mzee Bama.

– Pole yenyewe ni neno moja. Ukishalisema unabaki umekaa mle ndani. Mwenye nyumba anakutazama. Mkewe anakutazama. Lazima uwe na la kuongezea, tena liwe moja kwa sote, siyo huyu aseme hili na yule aseme lile. Kwa nini tairi lilikatika? Hilo ndilo tukubaliane hapa hapa.

Akapiga goti.

Pazi muuza kahawa alimimina, akamsogezea kila mtu kikombe chake. Alikuwa Mzaramo wa makamo, mtu wa maneno machache asubuhi na mengi jioni, na birika lake la shaba lilikuwa na haki ya kukaa pale kuliko wao wote.

Shomari alikuwa kachuchumaa mlangoni mwa kibanda, anakaza spoku za gurudumu ambalo halikulegea hata kidogo. Alikuwa akisikiliza huku anasali wasimuulize kitu. Wenzake walidhani wote wamekosa sawasawa, kila mtu na kidole chake. Hawakujua lililobaki. Siku ile, kura ikishapigwa na Mzee Bama akishaingia Bama, na wengine wakishamwazima masikio, Gozbert alimwinamia Shomari akamwambia taratibu: "Fundi, niazime pampu yako. Nikishatoka mchangani nirudishe upepo, leo Jumapili kote kumefungwa." Shomari akamwambia pampu haiazimwi. Gozbert akaiwasha skuta, akaenda hadi kona, akaizima, akarudi kwa miguu. "Fundi, nitaileta jioni hii hii." Shomari akamwonyesha ukutani, alipoandika mwenyewe kwa chaki, PAMPU HAIAZIMWI, akacheka. Gozbert naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka na watu, akaenda zake.

Hicho kicheko cha Gozbert ndicho kilichokuwa kikimla Shomari. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kijiwe kilimwita Mkono wa Birika kwa ajili ya pampu hiyo, naye jina hilo lilikuwa likimpendeza. Alikuwa na hadithi yake ya jinsi mtu mmoja wa Temeke alivyoiazima mwaka wa nyuma, akairudisha ngozi ya ndani imechanika. Kila mgeni aliyekaa juu ya ubao alisimuliwa. Siku kumi na moja hizi alikuwa hajaisimulia kwa mtu.

– Mie nasema hivi, alianza Bwana Muhuri. Kosa si la kupunguza. Kosa ni kwamba hatukupunguza vya kutosha.

– Ehe, lete hiyo, alisema Pazi.

– Upepo una uzito. Hili si langu, limeandikwa kwenye vitabu. Upepo unapimika kama unavyopima unga. Sasa mtu kabeba mke, kabeba sanduku, tena sanduku lenyewe la bati, halafu wewe unamtilia na upepo juu yake. Si unamzidishia mzigo?

– Upepo wa tairi moja una ratili ngapi? aliuliza Mzee Bama.

– Inategemea.

– Inategemea nini?

– Inategemea tairi. Mimi si mtu wa mizani, mimi mtu wa mafaili. Ila jambo lenyewe liko wazi: mwenye mzigo mzito anatakiwa upepo mwepesi. Imepita.

– Haijapita popote, alisema Mzee Bama. Kule Bama tulibeba mizinga na maiti na mchele, lori moja, na matope yanafika hapa. Unajua tulikuwa tunafanya nini? Tunatoa upepo wote, tunashindilia majani ndani ya tairi. Majani hayapasuki. Mie ndiyo maana nikasema punguza. Ila nilipaswa kumwambia mwalimu ashindilie na majani.

– Majani kwenye skuta?

– Majani ni majani. Tairi halijui kama liko kwenye lori.

– Na wewe ulipofika lami, hayo majani ulikuwa unayafanyaje?

– Bama hakukuwa na lami, alisema Mzee Bama, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani asijue ni nini.

Shomari aliinua macho. Alitaka Mzee Bama aendelee pale pale, kwenye lami. Angeendelea hatua mbili tu angeifikia pampu, na Shomari asingekuwa na la kufanya ila kusema kweli. Alikuwa akiogopa na akitamani kwa pamoja, mkono umeishika spoku mpaka kidole kimekufa ganzi.

Lakini Pazi akaingilia.

– Nyie mnazungumzia upepo kana kwamba upepo wote ni mmoja. Upepo wa huku kwetu unatoka baharini. Una chumvi. Bati la nyumba yangu limeliwa na nini kama si chumvi? Sasa umeuchukua upepo huo, umeufungia ndani ya mpira, usiku na mchana. Unakula mpira kutoka ndani. Halafu mtu anafika Vingunguti, kule upepo ni wa bara, mkavu. Ndani upepo wa pwani, nje upepo wa bara. Umeona lakini hapo?

– Nini?

– Haupatani. Ule wa ndani unataka kutoka, ule wa nje hauupishi. Mpira umekatika katikati ya ugomvi wa watu wawili.

Bwana Muhuri alikifikiria kitu hicho kwa heshima zote. Mtu wa ofisi hamkatai mwenzake bila kulisoma faili lake.

– Kwa hiyo mtu anayekwenda bara anatakiwa atie upepo wa bara.

– Ndiyo maana yake.

– Atautoa wapi akiwa Kinondoni?

– Hilo sasa ni la serikali. Wao ndio wenye magari ya kuleta vitu.

Mzee Bama alicheka, halafu akakumbuka wanazungumza juu ya nini, akakifuta kicheko kwa kiganja. Ndivyo ilivyokuwa siku zote kumi na moja. Walianza kwa huzuni, maneno yakawanogea, wakajisahau, kisha huzuni ikawakuta wameshika vikombe wanatabasamu. Wakitoka hapo hakuna aliyependa kumtazama mwenzake.

– Wahenga walisema, alianza tena Mzee Bama.

– Wahenga hawakuwa na skuta, alisema Bwana Muhuri. Tuendelee.

– Basi mie naona ni lami yenyewe, alisema Pazi, ambaye sasa kahawa ya watu ilikuwa imempanda yeye kichwani. Lami inanyonya. Mmeshaigusa mchana? Inanata. Kitu kinachonata kinanyonya. Ukipita na tairi lako, kidogo kidogo linanyonywa upepo, unafika uendako huna kitu. Mzungu anaijua hiyo. Kwani mpira tunanunua kwa nani? Si kwake? Katandaza lami ili tuishiwe upepo.

– Kila mwaka wanatandaza nyingine, alisema Mzee Bama.

– Wewe umeona.

– Na Wazungu wenyewe wanapita wapi? aliuliza Bwana Muhuri.

– Wao wanatiwa upepo wa Ulaya.

Bwana Muhuri akapiga goti, lakini pigo lenyewe halikuwa na nguvu.

– Lami. Tukafike tuseme lami. Haina mtu wa kulaumiwa ndani yake, si sisi, si mwalimu, si fundi. Inasikika vizuri mbele ya mwanamke. Shomari, wewe unaonaje?

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa cha grisi.

– Mie nitawafuata, alisema.

– Tangu siku ile unatufuata tu. Sema na wewe. Wewe ndiye fundi.

Angesema. Maneno alikuwa nayo, yalikuwa mdomoni tangu Jumatatu ya kwanza. Mara tatu alioga asubuhi, akavaa kanzu safi, akafika hadi kona ya nyumba ya mwalimu, akauona mlango wake wa buluu, akageuka. Mara ya pili Gozbert alikuwa kakaa barazani, mguu umefungwa plasta umenyooshwa juu ya kiti, peke yake. Shomari alisimama nyuma ya ua wa jirani akamtazama muda mrefu. Mtu kakaa hana gazeti, hana kikombe, hana wa kuzungumza naye. Shomari aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, akarudi kibandani akafungua duka kama kawaida.

– Kila mtu alibonyeza, alisema sasa. Basi twendeni sote.

Wakaridhika. Pazi akaanza kukusanya vikombe ili waondoke. Ndipo walipomwona binti mmoja anakuja kutoka upande wa Mwananyamala, anaisukuma skuta ya kijani mchangani, kainama, mikono imekaza usukani, tairi la nyuma limelala chini kama kitambaa. Hawakumjua yeye. Skuta waliijua.

– Shikamooni, alisema.

– Marahaba, walijibu wazee wawili, Pazi akafuata nyuma.

– Fundi ni nani hapa?

– Mie, alisema Shomari.

– Naitwa Auleria. Avelina ni dada yangu, tumbo moja. Walitupigia simu ya upepo Bukoba, nikaja juzi kumchukua. Shemeji anauza hii skuta. Mnunuzi anaifuata jioni, naye hataki kuisukuma. Nimeambiwa hapa wanatengeneza.

– Wanatengeneza, bibie, alisema Mzee Bama. Pole sana, mwanangu. Poleni. Sie tulikuwa tunakuja huko sasa hivi, tumeshainuka.

Auleria aliutazama ubao, akaona walikuwa wamekaa bado. Alikaribishwa kikombe akashukuru, akabaki kasimama.

Shomari alilifungua gurudumu. Alilitoa tairi, akauvuta ule mpira wa ndani, ukatoka na mdomo wake pembeni, umekatika kama alivyojua umekatika. Aliuweka chini kwa uangalifu, ingawa haukuwa na kazi tena. Akachukua mpira mwingine, akauvisha, akarudisha tairi. Alifanya polepole kuliko siku zote, maana alijua kazi ikiisha binti ataondoka, na kesho dada yake ataondoka, na neno lenyewe litabaki hapa Kinondoni naye maisha yake yote.

Kisha akaitoa pampu kwenye msumari, akaanza kujaza. Mzee Bama, kwa mazoea, akainuka na kidole gumba mbele. Alipofika katikati alikiona kidole chake mwenyewe, akakirudisha, akakaa.

– Na kile kilichotokea, bibie, alisema Bwana Muhuri, tumekitafakari sana hapa. Siku nyingi. Tumeona lazima mjue si kosa la mtu. Ni lami.

– Lami imefanya nini?

Wakamweleza. Mmoja alianza, mwingine akapokea, wakamweleza kunata na kunyonya, wakajikuta wamemweleza na chumvi, na upepo wa bara, na majani ya Bama, ingawa walikubaliana iwe moja. Binti alisikiliza yote, mikono kaifunga mbele ya gauni lake, kama yuko darasani kwa mwalimu asiyemwelewa lakini hataki kumvunjia heshima. Walipoishiwa, alingoja kidogo kuhakikisha wameishiwa kweli.

– Nyinyi mlimpunguzia upepo kwa ajili ya mchanga, alisema.

– Ndiyo, alisema Mzee Bama.

– Mchanga ukaisha akafika lami.

– Akafika.

– Pale alipofika lami, mlitaka aurudishe huo upepo kwa kitu gani?

Watu watatu wazima waliangalia mbele. Mzee Bama, aliyekwenda hadi Bama akarudi, alitafuta njia yote ya kwenda na kurudi asiione pampu hata moja. Pazi aliinamia birika akatikisa, halikuwa na kitu.

– Mie siijui hiyo skuta, alisema Auleria. Sijawahi kuipanda. Nauliza tu kwa sababu nyumbani hilo ndilo linaloulizwa. Dada anamuuliza shemeji asubuhi na jioni, ulikuwa kwa fundi, pampu unaiona ukutani, mbona hukuomba? Shemeji anamjibu alisahau. Maneno hayo hayo kila siku, nilisahau. Dada amenuna, hamsemeshi tena. Anasema mtu aliyesahau pampu alimsahau na mtoto.

– Si wanaondoka wote kesho? aliuliza Mzee Bama. Sie tumesikia wanakwenda kwao kupumzika.

– Anaondoka dada. Kafunga vyombo vyake vyote. Anarudi kwa baba, na kwa nilivyomsikia, si wa kurudi huku.

Shomari aliacha kujaza. Siku kumi na moja alidhani Gozbert ameshasema, kwamba kule nyuma ya mlango wa buluu jina lake linatajwa na kulaaniwa, na laana ile alikuwa kaipokea, hata ilikuwa ikimpa unafuu kidogo. Kumbe yule bwana kalibeba kosa mwenyewe. Kalibeba na mguu uliovunjika, na mke anamponyoka, na neno moja tu lingemwokoa: nilimwomba fundi akaninyima. Hakulisema. Labda alijua watu wa kwao wangekuja hapa na fimbo. Labda aliona haya kumtaja mtu aliyecheka naye. Shomari hakujua.

– Hakusahau, alisema.

Wenzake wakageuka.

– Mwalimu hakusahau. Aliniomba. Aliniomba hapa nikamnyima, akaenda hadi pale konani, akarudi kwa miguu, akaniomba mara ya pili. Nikamnyima tena. Nyie mlikuwa Bama.

– Shomari, alisema Mzee Bama taratibu.

– Niache niseme, Mzee. Nilikuwa nikija kwake kusema, nageuka. Nimegeuka mara tatu. Mie sikulala, lakini kutolala kwangu hakujamsaidia mtu.

Auleria alimtazama. Hakupandisha sauti, wala uso haukubadilika sana, ila mikono aliyokuwa kaifunga aliifungua akaiacha ining'inie.

– Kulikuwa na mtu anaitumia?

– Hapana.

– Alikuwa anakuja mtu kuitumia?

– Siku ile nzima hakuja mtu mwingine kutaka upepo. Ilikaa msumarini mpaka nikafunga.

– Sasa kwa nini hukumpa?

Hadithi ya mtu wa Temeke ilikuwa tayari, imesimuliwa mwaka mzima, ina mwanzo na mwisho na mahali pa kuchekea. Shomari aliifikia, akaiona, ngozi iliyochanika, ngozi ndogo upana wa kidole. Akaona atamwambiaje dada yake Avelina habari ya ngozi. Aliwatazama wenzake, kama kuna mwenye shauri. Alasiri ile yote walikuwa na mashauri. Sasa hakuna aliyekuwa nalo, na Bwana Muhuri alikuwa akilitazama goti lake.

– Sina sababu, alisema Shomari. Ilikuwa yangu, basi.

Binti aliligeukia gurudumu. Kwa mbali mtu alikuwa akitwanga, na kinu chake kilisikika vizuri pale kijiweni.

– Umeshamaliza hilo tairi?

– Bado kidogo.

– Maliza.

Akamalizia. Hakuna aliyekuja kubonyeza. Alijaza kwa mzigo wa watu wawili na sanduku, ingawa skuta ilikuwa haitabeba mtu, akalifunga gurudumu, akafuta tope kwenye kiti kwa upindo wa shati lake.

– Sie tuje nyuma? aliuliza Pazi.

– Mkija mtasema nini? aliuliza Auleria, na hakuuliza kwa ubaya. Pazi akakaa.

Kisha akamgeukia fundi.

– Dada yuko chumbani anafunga sanduku. Shemeji yuko barazani. Akikuona unakuja kusema, atakuwahi, atasema mbele yako kwamba alisahau. Umpite. Usikae hata ukikaribishwa. Nenda moja kwa moja kwa dada, umwambie aliniomba mara mbili nikamnyima, na sikuwa na sababu.

– Akiniuliza zaidi?

– Hivyo hivyo ulivyosema hapa. Usiongeze kitu.

Shomari akaishika skuta kwenye usukani, akaanza kuisukuma, na tairi la nyuma likazama mchangani kwa ugumu wake, ikambidi binti asukume kwa nyuma mpaka walipoikata kona.